Nani Anamsemea Aliyenyamaza?

Machi 2022 waandishi wa Prosody, programu huria ya seva ya mazungumzo inayotumia itifaki ya XMPP, walitoa toleo la 0.12. Ndani ya orodha ndefu ya mabadiliko mlikuwa na mistari mitatu mifupi ambayo msomaji mwenye haraka angeiruka. Wa kwanza ulisema kwamba kama msimamizi wa seva hakuandika lolote kuhusu usimbaji fiche, sasa seva itachukulia kuwa anautaka, na itamkataa kila anayekuja bila huo. Wa pili ulisema kwamba kama hakutaja namna ya kuhifadhi nywila, zitahifadhiwa kwa umbo lililogeuzwa lisilorudishika, ilhali zamani zilikaa kwenye diski zikisomeka vilevile watu walivyoziandika. Wa tatu ulihusu poti 5280, ile ya HTTP isiyosimbwa: kuanzia hapo, kama msimamizi hakuagiza vingine, ingeitikia miito inayotoka ndani ya mashine yenyewe tu.

Mistari yote mitatu ina sharti moja: kama hakusema. Aliyekuwa ameandika matakwa yake katika faili la usanidi hakuguswa. Aliyebadilishiwa ni yule aliyenyamaza. Jana kimya chake kilisomwa hivi, leo kinasomwa vingine, na mara zote mbili yeye hakufungua kinywa.

Mafakihi, majaji na wanafalsafa walilizungumza jambo hili karne nyingi kabla ya kompyuta kuwapo. Mtu asiposema kitu, nani ana haki ya kumsemea? Na akishamsemea, mipaka yake iko wapi? Wanaotengeneza programu hulijibu swali hili kila wanapotoa toleo jipya, mara nyingi bila kulitaja, na jibu lao huwafikia watu ambao hawajawahi kusikia jina la programu yenyewe.

Wasimamizi wengi hawakukutana na Prosody 0.12 mwezi ule ilipotoka. Walikutana nayo baada ya tarehe 10 Juni 2023, lilipotolewa toleo la 12 la Debian, mfumo endeshi huria. Debian 11 ilikuwa na Prosody ya mfululizo wa 0.11, hivyo aliyehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine alivuka mpaka huo katikati ya mamia ya vifurushi vingine vilivyokuwa vikipita kwenye kioo kwa kasi. Mwenye tovuti iliyokuwa ikitumia poti 5280 moja kwa moja ili wageni wazungumze kupitia kivinjari angeona dirisha la mazungumzo linazunguka tu bila kufunguka. Mwenye simu kuukuu isiyojua kusimba angekuta mlango umefungwa. Hakuna kilichoharibika. Mashine ilitii maagizo, ila maagizo hayo hakuyatoa mwenye mashine.

Debian yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu waliounda utaratibu wake walifikiri sana juu ya heshima anayostahili msimamizi. Kifurushi kinapoleta faili jipya la usanidi, programu iitwayo dpkg hulinganisha vitu vitatu: faili lilivyokuja mara ya kwanza, faili lilivyo sasa kwenye mashine, na faili jipya linaloletwa. Kama msimamizi hakuligusa, linabadilishwa kimyakimya. Kama aliligusa na kifurushi hakileti jipya, linaachwa kama lilivyo. Pande zote mbili zikiwa zimebadilika, dpkg husimama na kuuliza. Msimamizi akibonyeza kitufe cha kuingiza bila kuchagua lolote, faili lake ndilo linalobaki, na jipya huwekwa pembeni likiwa na kiambishi cha .dpkg-dist ili alisome kwa nafasi yake. Sera ya Debian inalazimisha jambo hili: mabadiliko ya mwenye mashine yahifadhiwe wakati wa kusasisha.

Utaratibu huo ni mzuri, na unalingana na kanuni ambayo wasomi wa sheria ya Kiislamu huiita istishabu, yaani kilichokuwapo huhesabiwa kuwa bado kipo mpaka ithibitike kwamba kimeondoka. Anayedai mabadiliko ndiye mwenye mzigo wa kuleta ushahidi. Lakini ile mistari mitatu ya Prosody haikuwa ndani ya faili la usanidi. Ilikuwa ndani ya programu yenyewe, mahali ambapo dpkg haioni. Hapakuwa na mafaili mawili ya kulinganisha, kwa hiyo hapakuwa na swali.

Wafikiriwe wasimamizi wawili. Wa kwanza alikaa jioni nzima akisoma nyaraka za programu, akapima kila chaguo, akaridhika na yale yaliyowekwa na watengenezaji, akaacha kila kitu kama kilivyo. Wa pili hakufungua faili hata mara moja. Aliweka kifurushi, akaona kinafanya kazi, akaendelea na shughuli zake. Mafaili yao yanafanana herufi kwa herufi. Mmoja ameamua na mwingine hajaamua, lakini mashine haina njia yoyote ya kuwatenganisha. Yule wa kwanza angejilinda kama angeandika kwa mkono wake jambo lilelile ambalo programu ilikuwa ikilifanya tayari. Kuandika huko kungeonekana ni kazi ya bure siku ile. Siku ya kusasisha ndipo kungekuwa sauti yake pekee.

Tofauti kati ya hao wawili iko moyoni, na fikihi ina jina lake: nia. Mafakihi wamefundisha kwamba kazi ya nia ni kutenganisha ibada na mazoea. Mtu aliyekaa tangu alfajiri hadi magharibi bila kula kwa sababu daktari amemkataza kabla ya upasuaji hakufunga, hata kama tumbo lake lilikuwa tupu sawa na la jirani yake aliyefunga. Kwa nje hakuna mizani ya kuwapima. Kwa ndani wametengana kabisa.

Kuhusu saumu ya Ramadhani, madhehebu mawili yanatofautiana kwa namna inayogusa hasa suala la seva. Washafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Waswahili, wanataka nia ya saumu ya faradhi iwekwe kila usiku kabla ya alfajiri, kwa kuwa kila siku ni ibada inayojitegemea. Wamaliki wanaona nia moja ya usiku wa kwanza inatosha mwezi mzima, kwa kuwa Ramadhani ni mfululizo mmoja. Ila mfululizo ukikatwa na safari au ugonjwa, nia lazima iwekwe upya. Tofauti hii si ndogo. Inahusu iwapo uamuzi wa jana unaweza kubeba kitendo cha leo, na kwa muda gani.

Mtu akisema kwamba msimamizi aulizwe upya kila kitu kila siku, maisha hayatakwenda. Hakuna seva itakayobaki hewani. Kwa hiyo katika kazi ya kila siku ni busara kuwafuata Wamaliki: alichoridhia siku ya kuweka programu kinaendelea. Lakini toleo linalobadilisha maana ya kimya ni safari inayokata mfululizo. Aliyeridhia Prosody ya 0.11 aliridhia mambo yaliyokuwa ndani ya 0.11. Ridhaa hiyo haiwezi kubebwa kuvuka mpaka ikawe ridhaa ya jambo lingine, eti kwa sababu tu jina la programu halikubadilika.

Watu wa sheria nao wamelipigania suala hili. Dola ya Uthmaniya ilipoandika sheria zake za madai katika kitabu kiitwacho Majalla, kati ya 1869 na 1876, chini ya kamati iliyoongozwa na Ahmed Cevdet Pasha, kifungu cha 67 kilihusu kimya. Sehemu yake ya kwanza inakataza kumnasibishia neno mtu aliyenyamaza. Sehemu ya pili inaongeza kwamba kunyamaza mahali ambapo kusema kulihitajika huchukuliwa kuwa ni kauli. Wanasheria walitoa mifano ya pande zote mbili. Mwenye mali akimwona mtu baki anaiuza mali yake naye akakaa kimya, kimya hicho si ruhusa. Lakini mwenye haki ya kununua kwanza, akijulishwa kwamba sehemu ya jirani yake imeuzwa naye asidai, haki yake inapotea.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa bikira anayeposwa. Hadithi zilizomo katika Bukhari na Muslim zinafundisha kwamba ridhaa yake ni kunyamaza kwake. Wengi huishia hapo. Lakini hadithi hizohizo zinaanza na amri ya kumtaka idhini: kimya chake kinakuja baada ya kuulizwa. Na mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, kimya chake hakitoshi; yeye ni lazima atamke. Kwa hiyo hata pale ambapo sheria imekipa kimya uzito mkubwa kuliko kawaida, haikukipa bure. Mtu awe amejulishwa, awe ameulizwa, na awe na nafasi ya kusema hapana. Msimamizi ambaye seva yake ilisasishwa usiku na kazi inayojiendesha yenyewe hakutimiziwa hata sharti moja kati ya hayo matatu.

Uingereza ilitoa mfano mchungu. Tarehe 1 Julai 1535 Thomas More, aliyewahi kuwa Lodi Chansela, alisimama mahakamani kwa sababu alikataa kukiri kwamba Mfalme Henry VIII ndiye mkuu wa Kanisa, na hakutaka kusema kwa nini. Alijitetea kwa kanuni ya kale ya sheria kwamba anayenyamaza huhesabiwa amekubali. Kwa kanuni hiyo, kimya chake kingepaswa kusomwa kuwa anamuunga mkono mfalme. Waliomshtaki walikisoma kuwa ni uhaini. Alikatwa kichwa tarehe 6 Julai. Ukitazama kesi hiyo kwa utulivu unaona jambo ambalo kanuni zote za kimya huwa zinalificha: anayekisoma kimya karibu kila mara ndiye mwenye nguvu, naye hukisoma kwa faida yake.

John Locke alijaribu kukipa kimya kazi kubwa zaidi. Katika maandishi yake juu ya serikali, yaliyochapishwa mwishoni mwa 1689, alidai kwamba hata msafiri anayepita barabarani tu ametoa ridhaa ya kimyakimya kwa serikali ya nchi ile. David Hume alimjibu mwaka 1748 katika insha yake juu ya mkataba wa asili, kwa mfano wa mtu aliyebebwa akiwa usingizini akapakiwa melini. Je, tuseme amekubali amri za nahodha kwa sababu tu hajajirusha baharini?

Mfano huo unamwelezea mtumiaji wa kawaida wa huduma ya mazungumzo vizuri kuliko wengi wanavyokubali. Januari 2021 WhatsApp iliwataka watumiaji wake wakubali masharti mapya kabla ya tarehe 8 Februari; malalamiko yalipozidi, tarehe ilisogezwa hadi 15 Mei. Kila mtu alikuwa huru kuondoka, kwa maana ileile ambayo msafiri wa Hume alikuwa huru kuruka. Lakini kundi la ukoo liko humo, kwaya iko humo, wazazi wa darasa la watoto wamo humo, na fundi na mteja wake wanaelewana humo. Mtu hahami peke yake kutoka kwenye ukoo. Kubaki kwake hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni neno la kukubali.

Zipo takwimu zinazoonyesha ukubwa wa jambo hili. Mwaka 2003 Eric Johnson na Daniel Goldstein walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa nchi za Ulaya kuhusu kutoa viungo vya mwili baada ya kufa. Ujerumani, ambako mtu alihesabiwa si mtoaji mpaka aseme anataka, walioridhia walikuwa asilimia 12. Austria, nchi jirani inayozungumza lugha ileile, alihesabiwa mtoaji mpaka aseme hataki, na waliohesabiwa kuwa wameridhia walikuwa asilimia 99.98. Hakuna anayeweza kuamini kwamba mpaka kati ya Bavaria na Salzburg unatenganisha watu wakarimu na wachoyo. Wengi wa pande zote mbili hawakusema chochote, na fomu ndiyo iliyowasemea.

Wapo wanaotumia takwimu hizo kusema: basi na wenye hekima wawachagulie wengine mema. Hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa kutochagua chochote hakuwezekani. Programu lazima ifanye kitu fulani pale mtu anaponyamaza. Lakini kulazimika kumsemea mtu ni jambo moja, na kuandika maneno hayo kana kwamba ni yake ni jambo lingine. Sheria za siku hizi zimeanza kuliona. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni ya Planet49, iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama kabla mtu hajafika si ridhaa yake. Mwaka huohuo Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data inayotaka ridhaa iwe ya wazi na ya hiari, na inayomtaka mwenye kushika taarifa za watu aweke ulinzi katika mipangilio ya mwanzo yenyewe. Tanzania ilipitisha sheria yake ya taarifa binafsi mwaka 2022.

Hata hivyo, kumtetea aliyenyamaza si sawa na kutetea yaleyale ya zamani. Kwa miaka mingi MongoDB, programu ya hifadhidata, ukiipakua na kuiweka bila kuandika lolote ilikuwa tayari kumsikiliza yeyote aliye kwenye intaneti, bila nywila. Watengenezaji walisoma kimya cha mwenye mashine kuwa ni kusema karibuni nyote. Januari 2017 wavamizi walipita kwenye maelfu ya hifadhidata zilizokuwa wazi hivyo, wakafuta vilivyomo na kuacha ujumbe wa kudai fedha. Mwishoni mwa mwaka ule toleo la 3.6 lilianza kusikiliza mashine yenyewe tu mpaka mwenyewe aagize vingine. Ungesema nini kwa anayepinga mabadiliko hayo kwa kisingizio cha kuheshimu kimya?

Ulimwengu wa XMPP ulipitia mtihani wa aina hiyo mapema zaidi. Baada ya siri za upelelezi wa mitandao kufichuliwa katikati ya 2013, waendeshaji wengi wa seva waliweka sahihi zao kwenye tamko lililoandaliwa na Peter Saint-Andre, wakaahidi kwamba kuanzia tarehe 19 Mei 2014 seva zao hazitazungumza na seva nyingine bila usimbaji fiche. Siku ilipofika, mazungumzo na Google Talk yalikatika, kwa kuwa huduma hiyo haikusimba mawasiliano yake na seva za nje. Watu waliokuwa wakiandikiana jana hawakuweza kuandikiana leo. Wengi wao hawakuulizwa. Lakini tamko lilitolewa miezi kadhaa kabla, kukawa na siku za majaribio, na kilichokatika kilikuwa njia ambayo mtu wa tatu angeweza kuisikiliza. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, ingawa haukuwa bila gharama kwa waliopotezana.

Synapse, seva inayotumika zaidi katika mtandao wa mazungumzo wa Matrix, ilionyesha njia nyingine ambayo ni ya uaminifu zaidi. Seva zilizoacha usajili wazi bila kuthibitisha anayejisajili zilikuwa zikitumiwa na watuma taka. Aprili 2022 watengenezaji walitoa toleo la 1.56 lenye sharti jipya: seva yenye usajili wa namna hiyo ingekataa kuwaka mpaka msimamizi ama aweke uthibitisho, ama aandike mstari mmoja unaosema waziwazi kwamba anajua na ndivyo atakavyo. Walikataa kukisoma kimya. Walimgeuzia mwenyewe neno. Kwa msimamizi aliyeamka akakuta huduma imelala, hilo liliudhi, na kuudhika kwake kunaeleweka. Lakini hakuna aliyewekewa maneno kinywani, na kila mstari ulioandikwa baada ya siku ile uliandikwa na mtu aliyejua anachokiandika.

Mpaka hapa mazungumzo yamekuwa ya waandishi wa programu na wasimamizi. Chini yao wapo wanaotuma salamu, picha za harusi, habari za msiba na siri za ndoa, na hao hawana faili lolote la kuandika matakwa yao. Kimya chao ni kizito kuliko vyote kwa sababu hawajui hata kwamba kuna swali.

Chukua suala la maneno kukaa kwenye seva. Prosody, moduli yake ya kumbukumbu ikiwashwa, huhifadhi ujumbe kwa wiki moja kisha huufuta, isipokuwa msimamizi ameagiza vingine. Synapse, ikiachwa bila maagizo, haina siku ya kufuta; inahifadhi bila kikomo. Watu wawili wanaweza kuandikiana maneno yaleyale, siku ileile, kwenye huduma mbili zinazofanana kwa macho, na ya huyu yakawa yamefutika mwezi ujao huku ya yule yakisubiri warithi wake. Hawakuchagua. Mwislamu amefundishwa tangu madrasa kwamba kila neno linaandikwa na malaika walio kuume na kushoto kwake, na Mkristo amefundishwa kwamba atatoa hesabu ya maneno yake. Wote wawili wanamwamini anayeshika daftari hilo. Daftari la seva haliko mikononi mwa mwenye haki asiyekosea: linaweza kuibwa, kunakiliwa, au kudaiwa na mtu mwenye barua ya serikali. Kwa hiyo muda wa kulihifadhi ni suala la dhamiri, na limeachwa kwenye mstari ambao watu wengi hawataufungua kamwe.

Hapa ndipo kipimo rahisi kinashindwa. Wengi wangesema kwamba badiliko linalofunga liruhusiwe kupita kimya, na badiliko linalofungua lisubiri idhini. Kwa usimbaji fiche na poti 5280 kipimo hicho kinafaa: anayeona amefungiwa kimakosa huandika mstari mmoja akafungua tena. Lakini kufupisha muda wa kumbukumbu nako ni kufunga, ni kulinda faragha, na bado msimamizi akihamia mpangilio wa wiki moja, sauti ya mama aliyekufa mwaka jana inaweza kufutika pamoja na taka nyingine, wala hakuna mstari wa kuirudisha. Kugeuza nywila nako hakurudi nyuma, ila humo hakuna kinachopotea ambacho mtu alikuwa akikipenda. Kinachopaswa kupimwa, basi, ni mambo mawili kwa pamoja: kosa likitokea, je, linaweza kurekebishwa, na nani atalilipa? Pale ambapo halirekebishiki na mlipaji ni mtu ambaye hakuulizwa, hakuna nia njema ya mtengenezaji inayotosha.

Itifaki yenyewe ilikwisha kumpa mtumiaji nafasi. Viwango vya XMPP kuhusu kumbukumbu za ujumbe vina namna ya mtu kusema kihifadhiwe kila kitu, kisihifadhiwe chochote, au yahifadhiwe mazungumzo yake na watu walio katika orodha yake tu. Tatizo ni kwamba programu ya simu isipoonyesha chaguo hilo, haki hiyo inabaki kwenye karatasi. Mwenye kuunda programu za simu kwa wasemaji wa Kiswahili ana kazi ya maana hapa: kulileta chaguo hilo mbele, kwa maneno ambayo bibi wa Tanga na kijana wa Bukavu watayaelewa bila mkalimani.

Debian huweka habari za mabadiliko mazito katika faili liitwalo NEWS.Debian, na programu ya apt-listchanges humwonyesha msimamizi kabla kifurushi hakijasakinishwa. Hiyo ni taarifa njema, lakini inaishia ngazi ya pili, ya wasimamizi. Kuifikisha ngazi ya tatu, ya watumiaji, ni kazi ya msimamizi mwenyewe, na vifaa anavyo: Prosody ina moduli ya kutangaza inayotuma ujumbe kwa walio hewani, na nyingine inayompa kila mtu ujumbe wa siku anapoingia, na Synapse ina matangazo ya seva. Msimamizi wa seva ya msikiti, ya parokia, ya chama cha akiba au ya chuo anaweza kuandika aya moja: ni kitu gani kitabadilika, lini, kitawagusa vipi wenye simu za zamani, ujumbe wao utakaa muda gani, na asiyetaka amwandikie nani. Aandike kabla ya kusasisha, na ajibu wanaouliza. Tangazo la walio hewani halimfikii aliyezima simu siku ile, aliye safarini au aliyelazwa hospitali, kwa hiyo ujumbe wa siku nao uwashwe, na kama kuna kitakachofutwa, tarehe isogezwe mbele mpaka nao wawe wameingia, wamesoma, na wamepata muda wa kunakili wanachotaka kubaki nacho.